"Hakuna nguruwe humo" haitoshi: chakula cha shule na mtoto wa Kiislamu

Niliitwa kutafsiri katika shule moja ya msingi ya serikali, kwenye mji wa katikati ya Marekani ambako siku hizi ukipanda basi hukosi kusikia Kiswahili. Upande mmoja wa meza alikaa mama kutoka Kasongo, jimbo la Maniema nchini Kongo, mwenye watoto watatu shuleni hapo. Upande wa pili alikaa msimamizi wa jiko, bado kavaa wavu wa nywele. Katikati yao kulikuwa na trei ya plastiki yenye vyumba vitano, na katika chumba kikubwa kipande cha piza chenye duara nyekundu za nyama.

"Dada, muulizie, hii nyama nyekundu ni ya nini?"

Nikauliza. Yule mpishi akatabasamu kama mtu aliyekwisha kujiandaa kwa swali. "Mwambie hakuna nguruwe humo. Ni bata mzinga."

Nikatafsiri. Mama akaitazama tena ile trei. "Sawa. Na huyo bata mzinga alichinjwa na nani?"

Nilipolifikisha swali hilo, mpishi alinitazama mimi, si mama, kama vile nimekosea kutafsiri. Tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa hivyo. Kwa upande wake, jibu alikuwa amekwisha kulitoa. Kwa upande wa mama, jibu halijaanza.

Nimekumbuka kikao kile kwa sababu ya klipu za sauti zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Moja inasema shule za Marekani zinawalisha watoto wetu nguruwe kwa nguvu. Nyingine inadai Ulaya wamepiga marufuku chakula cha halali mashuleni. Ya tatu, hii inatoka upande wa pili, inalalamika kwamba Waislamu wamefika ugenini na sasa wanawakataza wenyeji kula nguruwe wao. Zote tatu zina chembe ya tukio la kweli ndani yake, na zote tatu zimelipotosha. Kuzifungua kunahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyafunga kitita kimoja: kwanza, kutokula nguruwe si sawa na kula halali, pili, shule kuruhusiwa kufanya jambo si sawa na kulazimishwa kulifanya.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimelitumia neno halali mpaka limekuwa la kila kitu: mali ya halali, mke wa halali, jasho la halali. Maana yake ni kile kilichoruhusiwa. Kwenye chakula, kuna vitu ambavyo ni haramu kwa asili yake, na huwezi kuvitakasa kwa namna yoyote ya kupika: nguruwe, damu, kileo. Halafu kuna mnyama ambaye ni ruhusa kabisa, kuku, ng'ombe, mbuzi, kondoo, lakini ruhusa hiyo ina sharti: achinjwe na mtu anayefaa kuchinja, kwa kisu kikali, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa, na damu itoke. Asipochinjwa hivyo, kwetu pwani kuna neno moja linalomaliza habari yote: kibudu.

Hapo ndipo mama wa Kasongo na mpishi wa Marekani walipopishana. Mpishi alikuwa anajibu swali la mnyama gani. Mama alikuwa anauliza swali la kibudu. Kiingereza hakina neno hilo, na mimi mkalimani nilihitaji sentensi tatu kulieleza, na hata baada ya sentensi tatu niliona kwenye uso wa mpishi kwamba ameelewa nusu.

Kuna jambo la tatu, nalo ni imani kwa muuzaji. Tanga hakuna anayemwomba mwenye bucha cheti. Unamjua, unaujua msikiti anaoswali, na unajua machinjioni ni nani anashika kisu. Marekani nyama inafika shuleni ndani ya boksi, imegandishwa, imetoka kiwandani jimbo la tano kutoka hapo. Pale ujirani unachukuliwa na nembo: taasisi fulani ya Kiislamu inakagua kiwanda na kuweka alama yake kwenye boksi. Bila alama hiyo, kauli ya mpishi kwamba "nadhani ni halali" ni ukarimu tu.

Sasa angalia kinachobaki nje ya sharti la kuchinja. Samaki, yai, maharage, dengu, jibini (kwa wengi, ingawa wapo wanaouliza kimeng'enya cha kugandishia kimetoka wapi), siagi ya karanga. Vyote hivi havichinjwi. Mtoto wa Kiislamu anaweza kuvila shuleni bila cheti cha mtu yeyote, mradi havikupikwa pamoja na kitu cha haramu. Ndiyo maana sehemu nyingi duniani suluhisho lililodumu ni sahani isiyo na nyama. Halitajwi kwenye klipu kwa sababu halina ugomvi ndani yake.

Nisiseme kana kwamba Waislamu wote tuna msimamo mmoja. Aya ya 5 ya Surat al-Maida inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Kuna wanazuoni waliosema kwa aya hiyo nyama iliyochinjwa na Mkristo au Myahudi inaliwa, na kuna familia ninazozijua hapa zinazonunua kuku dukani bila wasiwasi kwa kutegemea fatwa hiyo. Wengine wanajibu kwamba kiwanda cha leo si yule jirani Mkristo anayechinja mbuzi wake, mashine haina Kitabu. Matokeo yake, kwenye meza moja ya shule wanaweza kukaa watoto wawili wa Kiislamu, mmoja anakula kuku na mwingine hagusi, na mwalimu anabaki kujiuliza nani anamdanganya. Hakuna anayemdanganya.

Turudi Marekani, kwa sababu huko ndiko ile klipu ya "kwa nguvu" inakozungumzia. Mpango wa taifa wa chakula cha mchana shuleni ulianzishwa kwa sheria iliyosainiwa na Rais Harry Truman mwaka 1946. Leo unalisha karibu watoto milioni 30 kila siku ya shule. Serikali kuu hailipi shule kwa hisani. Inalipa kwa kila mlo uliokidhi masharti. Mlo kamili una vitu vitano: nyama au mbadala wake, nafaka, mboga, matunda na maziwa. Ile trei yenye vyumba vitano haikuchongwa hivyo kwa urembo.

Kuna kanuni moja ndogo hapa ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Katika shule za sekondari za juu, mtoto halazimiki kuchukua vyote vitano. Akichukua vitatu, na kimoja kati ya hivyo kikiwa tunda au mboga, mlo wake unahesabika kamili na shule inalipwa. Kwa madarasa ya chini, wilaya ya shule ndiyo inayoamua kama itafuata utaratibu huo, na nyingi zinaufuata. Kwa hiyo mtoto anaweza kuipita nyama, akachukua mkate, tufaha na maziwa, akakaa. Hakuna anayemfungua mdomo. Tatizo la kweli ni lingine: mtoto anayepita nyama kila siku, tangu Agosti hadi Mei, anashinda na njaa ya saa nane. Sheria imetimizwa, tumbo halijatimizwa.

Na je, shule inalazimika kumpa kitu kingine mahali pa ile nyama? Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Mtoto mwenye aleji kali ya karanga, mzazi akileta karatasi iliyosainiwa na daktari, shule ni lazima imtengenezee mbadala, bila malipo ya ziada. Sheria inaihesabu hali yake kuwa ni ulemavu, na ulemavu una ulinzi. Mtoto ambaye dini yake inamkataza nyama ile hana karatasi kama hiyo. Kanuni za serikali kuu zinairuhusu shule kumbadilishia, na zinaihimiza ijitahidi, lakini haziilazimishi, na hata ikikubali, mbadala huo lazima ukidhi yale yale masharti ya lishe ili shule ilipwe.

Ndiyo kusema hali inategemea wilaya. Dearborn, Michigan, mji wenye Waarabu Waislamu wengi kuliko karibu mji wowote wa Marekani, shule za serikali zimekuwa zikiandaa nyama ya halali kwa miaka mingi. Mji mwingine, mwendo wa saa tatu tu kutoka hapo, unaweza usikute hata alama ya nguruwe kwenye ratiba ya wiki. Wote wawili wako ndani ya sheria. Huwezi kusema "Marekani wanafanya hivi" kama vile unasimulia nyumba moja.

Kitu kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja ni kwamba mfungwa Mwislamu Marekani ana hoja nzito zaidi kisheria kuliko mwanafunzi Mwislamu. Mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayozuia magereza kumbana mfungwa katika ibada yake bila sababu nzito sana. Kwa sheria hiyo wafungwa wamedai na kupata milo inayolingana na dini zao. Mwaka 2015 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba mfungwa mmoja Mwislamu wa Arkansas aruhusiwe kufuga ndevu zake fupi. Ulaya nako, mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg ilisema Poland ilikosea kumnyima mfungwa wa dini ya Kibudha chakula kisicho na nyama.

Mantiki yake ukiifikiria ni ya nyumbani kabisa. Mgeni uliyemfungia mlango huwezi kumwambia "kama hupendi, kale kwingine". Mfungwa hana kwingine. Mwanafunzi wa kutwa, sheria inamwona kama mtu mwenye kwingine: anaweza kubeba kibegi chake cha chakula kutoka nyumbani, saa tisa anarudi kwao. Kila nchi ninayoitaja hapa, swali hili liko chini ya meza hata kama halisemwi: huyu anaweza kuondoka?

Ufaransa walilijibu waziwazi. Chalon-sur-Saône, mji mdogo wa Burgundy, tangu mwaka 1984 shule za msingi zilikuwa na utaratibu kwamba siku ya nguruwe, mtoto asiyekula nguruwe anapewa sahani nyingine. Si nyama ya halali, tafadhali, tuelewane. Ilikuwa sahani nyingine tu isiyo na nguruwe. Machi 2015 meya Gilles Platret akatangaza kuuondoa, akisema shule ya jamhuri haigawi watoto mezani kwa dini zao. Shirika la kuwatetea Waislamu mahakamani likaenda kushtaki. Agosti 2017 mahakama ya utawala ya Dijon ikaufuta uamuzi wa meya. Oktoba 2018 mahakama ya rufaa ya Lyon ikasema hivyo hivyo. Mji ukakata tena rufaa, mpaka Baraza la Dola mjini Paris, ambalo ndilo mahakama ya mwisho kwa mambo ya utawala.

Tarehe 11 Desemba 2020 Baraza likatoa jibu ambalo kila upande uliligeuza kuwa ushindi wake. Kwanza, mji haulazimiki kuandaa sahani mbadala, na mtoto hana haki ya kuidai, kwa kuwa kantini ya shule ya msingi ni huduma ya hiari. Asiyetaka anaweza kula kwao. Pili, msingi wa dola isiyo na dini haukatazi sahani hiyo. Mji ukitaka, unaandaa. Kwa maneno mengine, meya aliyesema "sheria inanizuia" alikosea, na mzazi aliyesema "sheria inakulazimisha" alikosea pia.

Watanzania hatuna haja ya kufundishwa sana hapa. Tumekua tukisikia kwamba serikali haina dini, wananchi ndio wenye dini. Wafaransa wanaanzia kwenye nusu ya kwanza ya sentensi hiyo, tangu sheria yao ya mwaka 1905 ya kutenganisha kanisa na dola. Kwao ubishi wote ni kama jiko la shule ni mali ya serikali isiyo na dini, au ni mahali wananchi wenye dini wanapokula. Na hata wao hawakulifunga jambo hili kwa usawa mkubwa: kantini nyingi za Ufaransa bado zinapika samaki siku ya Ijumaa, desturi iliyoachwa na Ukatoliki, na hakuna meya aliyekwenda mahakamani kuishtaki sangara.

Kilichowasaidia Waislamu wa Ufaransa zaidi ya kesi yoyote hakikuwa na habari na Uislamu. Sheria ya chakula na kilimo ya mwaka 2018 iliziamuru kantini za shule kupika mlo usio na nyama wala samaki angalau mara moja kwa wiki kuanzia Novemba 2019, kwa majaribio, na mwaka 2021 utaratibu huo ukafanywa wa kudumu. Sababu zilikuwa tabianchi na afya. Mtoto wa Kiislamu akajikuta anakula kilekile anachokula rafiki yake, bila kunyoosha kidole. Lakini usidhani amani ilikuja. Februari 2021 meya wa Lyon, Grégory Doucet, aliondoa nyama kwa muda kwenye kantini ili foleni ziende haraka wakati wa korona, akabakiza samaki na mayai, na mawaziri wawili wakamrukia kana kwamba amewatukana wafugaji na watoto wa maskini. Nyama Ulaya ni siasa hata pale ambapo Mwislamu hayupo kabisa kwenye mazungumzo.

Denmark iliongeza chumvi. Januari 2016 baraza la mji wa Randers, kwa tofauti ya kura moja tu, liliamua vyakula vya jadi vya Kidenmark, nguruwe akiwemo, vibaki kwenye ratiba za taasisi za mji huo, zikiwemo za watoto wadogo. Hapo ndipo klipu ya kulazimisha ilipopata mafuta. Ila uamuzi ule ulisema nguruwe awepo kwenye ratiba. Haukusema mtoto yeyote alazimishwe kumla.

Uingereza ina fundo lake, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa maana halihusu nguruwe hata kidogo. Machinjio mengi huko humtia mnyama ganzi kabla ya kumchinja, kwa umeme au kwa gesi, asisikie maumivu. Waislamu wamegawanyika. Wapo wanaokubali mradi ganzi haimwui mnyama kabla ya kisu, na zaidi ya nusu ya wanyama wanaochinjwa kwa halali Uingereza hutiwa ganzi kwanza. Wapo wanaokataa katakata. Mwaka 2017 baraza la kaunti ya Lancashire lilipiga kura kuzuia shule zake zisipewe nyama ya mnyama asiyetiwa ganzi. Vichwa vya habari vikaandika "halali yapigwa marufuku". Haikuwa halali yote, ilikuwa aina moja ya halali, lakini ilikuwa ndiyo aina ambayo misikiti ya kule iliitambua, na viongozi wake wakawaambia wazazi wasusie chakula cha shule. Ukitaka kujua kwa nini neno moja haliwezi kumaliza mjadala huu, ni hapo: pande zote mbili zilitamka halali, na zilikuwa na nyama mbili tofauti akilini.

Sasa lile lalamiko la upande wa pili. Watu huuliza, na si wote kwa ubaya: kama shule itanunua nyama ya halali tu ili irahisishe kazi, je, mtoto asiye Mwislamu hajalazimishwa kula kilichosomewa dua ya dini isiyo yake? Sipendi jinsi Waislamu wenzangu wanavyolitupa swali hili. Kalasinga aliyekula kiapo cha dini yake, kwa mfano, amekatazwa nyama iliyochinjwa hivyo. Shule ya Birmingham yenye kuku wa halali peke yake imemtatulia shida mtoto wa Kiislamu na kumkwamisha mtoto wa Kalasinga. Suluhisho ni lile lile la mwanzo: pawe na sahani ambayo haikuchinjwa.

Na sisi tusijifanye tumelimaliza. Tanzania na Kenya, kwa desturi ya miaka mingi, anayeshika kisu machinjioni ni Mwislamu, na Mkristo ananunua buchani bila kuuliza. Wageni wakija huiona kama ajabu ya kuvumiliana. Lakini Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa ulifikia kumwaga damu, na mchungaji mmoja aliuawa. Desturi ilikuwa imekaa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekuwa ameiuliza kwa sauti: je, wewe unayekula kila siku nyama niliyochinja mimi, uliwahi kukubali, au hukuwahi kuulizwa tu?

Mashuleni kwetu mambo yamepita kimya kwa sababu ya umaskini zaidi kuliko hekima. Ugali na maharage, makande, Kenya githeri: havina dini. Bweni nililosoma mimi nyama ilikuwa tukio la Jumamosi, kipande kimoja kinachoogelea, na ilitoka kwenye bucha ya mjini ambayo kila mtu alijua nani anachinja. Tulichoteseka nacho kilikuwa Ramadhani. Jiko lilifungwa saa moja jioni, kwa hiyo daku letu lilikuwa makande tuliyoyafunika tangu magharibi, yamepoa mpaka yameshikana kama tofali, na tuliyala gizani kwa sababu taa zilikuwa zimezimwa. Hakuna aliyetunyima kwa chuki. Hakuna aliyewaza tu. Ukilikumbuka lile swali la nani anaweza kuondoka, mwanafunzi wa bweni yuko karibu na mfungwa kuliko na yule mtoto wa Chalon: hana kwao pa kukimbilia saa sita mchana. Shule ya bweni inayochukua watoto wa dini zote, kwa maoni yangu, ina wajibu ambao shule ya kutwa inaweza kuukwepa.

Umebaki upande wa jikoni, ambao wanasiasa hawaujui na wapishi wanaujua mno. Nyama ya halali yenye nembo kwa kawaida ni ghali zaidi, na shule ya Marekani hupokea kutoka serikali kuu dola 4 na ushei kwa mlo mmoja wa bure, fedha ambayo inapaswa kulipa chakula, mshahara wa mpishi na sabuni. Sehemu ya chakula chenyewe inatoka kwenye ghala la serikali na kwa kawaida haina nembo ya halali. Ukishainunua, kuna mwiko: ukigeuzia kuku wa halali kwa mwiko uliotoka kwenye sufuria ya soseji, umeharibu. Kuna mafuta ya kukaangia yanayotumika kwa kila kitu. Kuna jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, mara nyingi ya nguruwe, na inajificha kwenye peremende laini, kwenye vitindamlo vinavyotikisika, hata kwenye baadhi ya mtindi. Na kuna maharage.

Siku ile, tulipokwama kwenye habari ya kibudu, mimi ndiye niliyependekeza maharage. Nilijiona nimeokoa kikao. Kwa ratiba, yalipikwa siku mbili kwa wiki. Mpishi akafurahi, mama akafurahi, nami nikaanza kufunga daftari langu. Kisha mpishi akanyanyua mkono, akasema tusubiri, akaenda stoo. Akarudi na kopo kubwa, la ukubwa wa ndoo ndogo ya rangi, akaligeuza polepole akisoma maandishi madogo. Akasimama kwenye mstari wa tano. Mafuta ya nguruwe.

"Samahani," akasema, na safari hii alimtazama mama mwenyewe. "Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu hakuna nguruwe humo."

Mama hakukasirika. Alicheka, kile kicheko cha mtu aliyepita kambi mbili za wakimbizi na anajua shida ya kopo si shida. Akaomba ratiba ya mwezi. Mpishi akampa, na wakakaa nayo karibu dakika arobaini, siku kwa siku, mimi katikati: hii jibini peke yake, sawa, hii mayai, sawa, hii kuku, hapana, haya maharage, mpaka nitafute kopo la kampuni nyingine. Siku zilizokataliwa mama alizizungushia kalamu nyekundu. Zilitoka tisa kwa mwezi. Akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaniuliza kwa Kiswahili kama chapati za jana zikifungwa vizuri zinafika saa sita bila kukauka.